Adrian Atiman

Adrian Atiman (takriban 1866 – 1956) alikuwa daktari na katekista wa Kanisa Katoliki aliyefanya kazi kwa miaka 67 huko Karema, kando ya ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni nchi ya Tanzania. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa katika jangwa la Sahara, kisha akasomeshwa tiba katika kisiwa cha Malta. Anahesabiwa kati ya Waafrika wa kwanza waliosomea tiba ya Kizungu katika chuo kikuu na kuja kuitumia Tanganyika.

Jina lake linajulikana sana Ufipa na mkoani Rukwa kwa jumla, hasa kwa sababu ya Hospitali ya Dk. Atiman iliyopo mjini Sumbawanga.

Utoto na utumwa

Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, jirani na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Mwaka wake wa kuzaliwa hukadiriwa kuwa 1866. Akiwa bado mdogo alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akatenganishwa na wazazi wake, akavushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Hakuwaona tena watu wa kwao.

Biashara ya watumwa ya Sahara ilikuwa ya zamani sana. Misafara ya ngamia ilichukua chumvi, nguo na bidhaa nyingine kwenda kusini, na ikarudi na dhahabu, ngozi na watu. Wengi walikufa njiani kwa kiu na uchovu. Mtoto aliyefika salama aliuzwa sokoni katika miji ya oasisi.

Atiman alifikishwa Metlili, mji wa oasisi kusini mwa Algeria. Huko, mnamo mwaka 1876, alinunuliwa na Wamisionari wa Afrika, shirika linalojulikana zaidi kwa jina la White Fathers kutokana na mavazi yao meupe. Walimnunua ili kumkomboa. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 10 hivi.

Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, ambaye alifanywa kardinali mwaka 1882. Mwanzoni lilishughulika na yatima wa njaa kubwa iliyoikumba Algeria miaka ya 1867 na 1868. Baadaye lilianza kuwakomboa watoto waliouzwa utumwani na kuwapeleka shuleni.

Mpango wa Malta

Lavigerie aliamini kwamba Waafrika wenyewe ndio watakaoibadili Afrika, na kwamba wageni wangeweza tu kuianzisha kazi hiyo. Aliwaza kuwachagua vijana wenye akili kati ya waliokombolewa, awape elimu ya juu, kisha awarudishe barani wakaishi kati ya watu. Alichagua fani ya tiba kwa sababu tatu. Kwanza, mganga hupokelewa kila mahali, hata pale ambapo mgeni mwingine hutiliwa shaka. Pili, kazi ya tiba humwezesha mtu kujipatia riziki bila kutegemea fedha za misheni. Tatu, magonjwa yalikuwa yanaua watu wengi katika nchi za maziwa makuu, wakiwemo wamisionari wenyewe.

Alisisitiza pia kwamba vijana hao wasigeuzwe kuwa Wazungu. Alitaka wapate ujuzi wa Ulaya, lakini katika chakula, mavazi na maisha ya kila siku waendelee kuwa Waafrika, ili watakaporudi wasiwe wageni kati ya ndugu zao. Wale waliohitimu waliitwa madaktari makatekista, yaani watu wanaotibu na kufundisha dini kwa pamoja bila kuwa mapadre.

Mwaka 1881 taasisi ya kuwalea vijana hao ilifunguliwa Malta, kisiwa kilichopo katikati ya bahari ya Mediteranea, wakati huo kikiwa koloni la Uingereza. Malta ilifaa kwa sababu tatu: hali yake ya hewa si ya baridi kali, ipo karibu na Afrika, na ilikuwa na chuo kikuu chenye masomo ya tiba.

Chuo Kikuu cha Malta ni kati ya vyuo vya zamani. Kilitokana na chuo cha Wajesuiti kilichoanzishwa mwaka 1592, na kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1769. Mafundisho ya anatomia na upasuaji yalikuwa yameanza kisiwani tangu mwaka 1676, chini ya wapiganaji wa shirika la Mtakatifu Yohane, ambao walikuwa na hospitali kubwa. Katika karne ya 19 lugha ya wasomi kisiwani ilikuwa Kiitalia. Kwa hiyo vijana hao wa Kiafrika, ambao walikuwa wamekwisha kuacha lugha zao za mama na kujifunza Kifaransa, walijikuta tena katika lugha nyingine.

Masomo

Atiman alikuwa mmoja wa waliopelekwa Malta mwaka 1881. Alisoma huko hadi mwaka 1888.

Miaka hiyo ilikuwa ya mabadiliko makubwa katika tiba. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu. Malta yenyewe ilikuwa uwanja wa uchunguzi: mnamo 1886 na 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, akiwa kisiwani humo, alimtambua mdudu anayesababisha homa iliyoitwa homa ya Malta, ambayo leo inaitwa brusela. Kati ya waliosoma tiba katika chuo hicho kipindi hichohicho alikuwemo Themistocles Zammit, Mmalta aliyehitimu mwaka 1889, ambaye baadaye, mwaka 1905, alionyesha kwamba homa hiyo huenezwa na maziwa ya mbuzi.

Hata hivyo mengi yalikuwa bado hayajulikani. Haikujulikana kwamba malaria inaenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897. Chanzo cha ugonjwa wa malale kilikuwa hakijagunduliwa. Viuavijasumu havikuwepo kabisa. Kwa hiyo ujuzi aliotoka nao Atiman ulikuwa hasa wa kutambua ugonjwa, kusafisha na kufunga vidonda, kupasua, kunyoosha mifupa iliyovunjika, kutoa kwinini kwa homa na kuchanja dhidi ya ndui.

Kuhitimu na kuagwa

Katika vyuo vikuu vya Ulaya, mahafali yalikuwa sherehe ya kumwingiza mtu katika daraja ya wasomi. Mhitimu alivishwa joho, akatajwa jina mbele ya walimu wake na kupewa hati. Madaktari walikuwa na jambo la ziada, nalo ni kiapo cha kuwatumikia wagonjwa, desturi inayohusishwa na Hippokrates wa Ugiriki ya kale. Baada ya hapo mhitimu alikuwa huru kufungua kazi yake popote alipotaka.

Kwa vijana wa Lavigerie mambo yalikuwa tofauti. Masomo yao hayakulenga kuwapa nafasi ya kazi Ulaya, na mwisho wake ulikuwa ni kupangiwa msafara. White Fathers walikuwa na desturi yao ya kuwaaga wanaokwenda Afrika ya ndani. Ilifanyika katika kanisa la Bibi Yetu wa Afrika mjini Algiers: wanaoondoka walisimama mbele ya altare, na wanaobaki wakapita mmoja mmoja na kubusu miguu yao. Maana yake ilieleweka na wote, kwa sababu wengi wa wale waliokuwa wanaagwa hawakutazamiwa kurudi.

Mwaka 1888, mwaka ambao Atiman alimaliza masomo, ulikuwa pia mwaka wa kampeni kubwa dhidi ya utumwa. Mwezi Mei Papa Leo XIII alitoa waraka wa kulaani utumwa. Mwezi Julai Lavigerie alianza kuhutubia mjini Paris, kisha katika miji mingine ya Ulaya, akieleza maovu ya biashara hiyo. Katika majira hayohayo msafara mpya uliondoka kwenda ziwa Tanganyika ukiongozwa na askofu Léonce Bridoux. Atiman alikuwemo, akiwa na umri wa miaka 22 hivi.

Kutoka pwani ya Afrika Mashariki walitembea kwa miguu kwa miezi kadhaa kupitia njia ya misafara ya Unyamwezi. Ilikuwa njia ileile iliyotumiwa kuwapeleka watumwa na pembe za ndovu pwani. Atiman, aliyewahi kuvushwa jangwa akiwa bidhaa, sasa alipita njia ya namna hiyo akielekea upande wa pili, akiwa na sanduku la dawa.

Karema

Msafara ulifika ziwani mapema mwaka 1889. Atiman alipangiwa Karema, na hapo akabaki hadi kufa kwake.

Karema ilikuwa imeanza kama ngome iliyojengwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika, lililoongozwa na mfalme Leopold II. Mwaka 1885 Wabelgiji waliiacha na kuwakabidhi White Fathers. Ndani na kando ya ngome hiyo walikaa watu waliokombolewa utumwani, wakimbizi wa vita, na wenyeji waliotafuta usalama. Sehemu nyingi za kandokando ya ziwa zilikuwa bado zinashambuliwa na wateka watumwa. Ng'ambo ya ziwa, Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa anaongoza ulinzi wa vijiji dhidi yao.

Atiman alifika akiwa mgeni kwa kila upande. Hakuwa Mzungu wala padre. Hakuwa Mbende wala Mfipa, na hakujua Kiswahili wala lugha za hapo. Wenyeji walikuwa na waganga wao waliojua miti shamba na walioaminiwa tangu vizazi. Daktari kijana ilimpasa kwanza kupata imani ya watu, na hiyo haikutolewa kwa hati ya chuo.

Alimwoa Agnes, binti wa ukoo wa machifu wa Wabende. Ndoa hiyo ilimfanya awe na shemeji na wakwe katika nchi ya ugenini, na hivyo awe mtu wa hapo. Mtoto wao Joseph alisomea upadre na akapadrishwa.

Kazi ya tiba

Karema ipo kwenye usawa wa ziwa, takriban mita 773 juu ya bahari. Upande wa kusini mashariki nchi hupanda hadi uwanda wa juu wa Ufipa, ambao sehemu zake nyingi zina kimo cha mita 1,800 na zaidi. Tofauti hiyo ya kimo ni tofauti ya magonjwa pia. Ziwani kuna joto, mbu na, zamani, mbung'o wengi. Juu Ufipa kuna baridi, upepo, na maradhi ya kifua. Wafipa wa juu waliposhuka ziwani kutafuta samaki au chumvi, au kwa safari nyingine, mara nyingi walirudi na homa.

Watu wa ziwani waliletwa kwa mitumbwi, na wale wa mbali walibebwa kwa machela. Kulikuwa na malaria, ndui, vidonda ndugu, kuhara, majeraha ya vita, na watu waliojeruhiwa na mamba au wanyama wengine. Kwa miaka mingi hapakuwa na daktari mwingine karibu. Dawa zilitoka Ulaya kwa meli, zikabebwa na wapagazi kutoka pwani, na shehena ikichelewa daktari alibaki na maji moto, bendeji na mikono yake. Hali hiyo ilianza kubadilika baada ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea kandokando ya ziwa Tanganyika. David Bruce, yuleyule aliyechunguza homa ya Malta, alionyesha mwaka 1903 huko Uganda kwamba malale huenezwa na mbung'o. Serikali ya Kijerumani ilifungua kambi za wagonjwa, ikafyeka vichaka, na ikahamisha watu wa baadhi ya vijiji vya pwani ya ziwa. Dawa iliyotumika, atoksili, ilikuwa na arseniki na iliwapofusha baadhi ya waliotibiwa. Atiman alikuwa mmoja wa watu wachache waliosomea tiba waliokuwa wanaishi moja kwa moja kati ya watu hao kabla, wakati na baada ya tauni hiyo.

Pamoja na tiba aliendelea na kazi ya katekista. Alifundisha dini, alisali na wagonjwa, na alisaidia maisha ya misheni kwa jumla. Aliyaona yote kuwa kazi moja.

Chini ya serikali tatu

Atiman alifika Karema kabla utawala wa Wajerumani haujasimama huko ndani. Aliuona ukija, akaona vita vikuu vya kwanza vilivyouondoa, kisha akaishi chini ya Waingereza. Maaskofu walikuja na kuondoka. Bridoux alikufa mwaka 1890, muda mfupi baada ya kufika. Adolphe Lechaptois aliongoza vikarieti kuanzia mwaka 1891 hadi kufa kwake mwaka 1917. Katika muda huo misheni zilipanda kutoka ziwani hadi uwanda wa juu wa Ufipa, na Wafipa wengi wakawa Wakatoliki.

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake jinsi alivyoyasimulia mwenyewe. Kwa njia hiyo habari zake zilifika mbali na Karema akiwa bado hai, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa Mwafrika wa wakati ule.

Adrian Atiman alifariki dunia mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 90 hivi, na akazikwa Karema. TANU ilikuwa imeanzishwa miaka miwili kabla, na miaka mitano baadaye Tanganyika ilipata uhuru.

Tathmini

Mpango wa Malta kwa jumla haukufanikiwa kama Lavigerie alivyotarajia. Waliohitimu walikuwa wachache, gharama zilikuwa kubwa, na taasisi ilifungwa mwaka 1896, miaka minne baada ya kifo chake. Waafrika waliosomea udaktari kupitia mpango huo hawakupata warithi kwa muda mrefu. Ilibidi kungojea mafunzo ya tiba ya Makerere, yaliyoanza miaka ya 1920 huko Uganda, na baadaye shule ya tiba ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1963. Tanganyika ilipopata uhuru, madaktari wazalendo walikuwa wachache mno, na mara nyingi hutajwa kuwa walikuwa 12 tu.

Mpango huo una upande mwingine wa kuangaliwa. Vijana wa Malta hawakuchagua kutekwa, wala hawakuchagua wenyewe kwamba waende wapi baada ya masomo. Walikombolewa, lakini waliowakomboa ndio waliowapangia elimu, kazi na kituo. Atiman hakurudishwa Niger alikozaliwa. Alipelekwa maelfu ya kilomita upande mwingine wa bara, kwa sababu kwa waliopanga safari Afrika ilionekana kuwa moja. Sifa za kazi yake hazifuti jambo hilo.

Lakini kupangwa peke yake hakuelezi miaka 67. Mtu huweza kupelekwa mahali kwa amri. Kubaki humo hadi uzee, baada ya wale waliomtuma kufa wote, ni uamuzi wake mwenyewe unaorudiwa kila mwaka.

Swali la deni la msomi kwa jamii lilirudi kwa nguvu Tanzania baada ya uhuru. Julius Nyerere alimfananisha aliyesomeshwa na mtu anayepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula, asiporudi, amewasaliti. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Mjadala huo wa nani anamdai nani baada ya joho kuvuliwa bado upo kila msimu wa mahafali. Maisha ya Atiman hutoa mfano mgumu kidogo, kwa kuwa yeye alikuwa na sababu za kutosha za kudai kwamba dunia ndiyo iliyokuwa na deni kwake.

Urithi

Vikarieti ya Karema ilifanywa jimbo mwaka 1953. Mwaka 1958 ilipata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Karolo Msakila. Mwaka 1969 makao yalihamia juu Ufipa na jimbo likaitwa Jimbo la Sumbawanga. Karema yenyewe ilikuwa katika mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012, ulipoundwa mkoa wa Katavi. Leo ipo katika wilaya ya Tanganyika ya mkoa huo.

Hospitali ya jimbo iliyopo mjini Sumbawanga imepewa jina la Dk. Atiman. Jina la mji huo huelezwa na wenyeji kuwa linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi: mgeni alitakiwa kuacha dawa zake mbaya nje kabla ya kuingia. Katika mji wenye jina hilo, hospitali inamkumbuka mgeni aliyekuja na dawa na kuruhusiwa kukaa nazo.